Kimya Hakimlazi Mtoto

Popote ulipo, Nachingwea mjini, Naipanga, Stesheni ambako jina limebaki na treni iliondoka zamani, au upande wa Ruangwa kule Mbekenyera na Nandagala, karibu tuzungumze.

Msimu wa korosho umeingia. Alfajiri njia za mashambani zimeshajaa watu, na katika kila kundi la akina mama wanaokwenda kuokota utaona wawili watatu wamebeba watoto mgongoni. Mtoto wa miezi mitatu, wa miezi mitano, amefungwa kwa mbeleko, shavu limelala kwenye mgongo wa mama, usingizi fofofo. Mama anainama, anaokota, anatoa korosho kwenye bibo, anatupa ndooni, anainuka, anainama tena. Jua linawaka. Watoto wakubwa wanafukuzana na kupiga kelele. Wa mgongoni haamki.

Usiku wa siku hiyohiyo mtoto huyohuyo analazwa kitandani ndani ya chandarua. Taa imezimwa, watu wote wameambiwa wanyamaze, hata baba amepunguza redio. Dakika mbili haziishi, mtoto anapasua koo.

Hapo maneno huanza. Bibi anasema ana chango. Shangazi anasema analilia jina, mpeni la marehemu babu yake mtaona atakavyotulia. Jirani anasema amedekezwa, kazoea kubebwa. Na mdogo wake mama, anayesoma mambo kwenye simu, anasema siku hizi mtoto anafundishwa kulala peke yake, aachwe alie mpaka azoee.

Mimi leo nasimama upande wa mtoto. Mara nyingi hana chango na hajadekezwa. Mchana mwili wake ulipewa kila unachokihitaji ili ulale. Usiku tukamwondolea vyote kwa mpigo mmoja, halafu tunamshangaa.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hesabu hiyo inaacha nje milango miwili ambayo kwa mtoto mchanga ina uzito kuliko macho. Mmoja uko ndani kabisa ya sikio, nao ndio unaomwambia kama anainuka, anashuka, anayumba au ametulia. Wa pili umetawanyika kwenye misuli na maungio, nao humpa habari kwamba goti limekunjwa, kwamba mkono umebanwa, kwamba kuna kitu kimemshika asidondoke. Yote miwili huanza kazi mtoto akiwa bado tumboni. Na huko tumboni hajawahi kulala mahali palipotulia. Amelala ndani ya mwili unaotwanga, unaochota maji, unaopanda bodaboda kwenda kliniki. Amebanwa pande zote. Amesikia moyo ukidunda, utumbo ukinguruma, na sauti ya mama ikimfikia kupitia mifupa. Muulize mjamzito yeyote: nikitembea katulia, nikijinyoosha tu kitandani ndipo anaanza mateke. Kisha anazaliwa, nasi tunaona zawadi ya kumpa ni kimya.

Huko Japani, mtafiti Kumi Kuroda na wenzake wa taasisi ya RIKEN waliwapima watoto wachanga mapigo ya moyo wakiwa mikononi mwa mama zao. Mama akikaa kitini amempakata, mtoto anaendelea kufurukuta. Mama huyohuyo akisimama na kuanza kutembea, ndani ya sekunde chache moyo wa mtoto unapunguza mwendo, mwili unalegea, kilio kinashuka. Hayo waliyachapisha mwaka 2013, wakaonyesha kwamba hata vitoto vya panya hutulia vivyo hivyo vikibebwa na mama yao. Mwaka 2022 wakaja na jambo lenye faida zaidi kwa mama aliyechoka. Tembea na mtoto dakika 5 mfululizo, bila kusimamasimama. Akishasinzia, usimlaze papo hapo. Kaa naye dakika 5 hadi 8 nyingine, usingizi ukolee. Ndipo umshushe. Waliona pia kwamba kinachomwamsha mtoto si godoro kugusa mgongo wake. Anaanza kuamka pale mwili wake unapoachana na mwili wa mama.

Najua, bibi yangu unayenisikiliza hapo barazani, unacheka. Wewe hayo uliyafanya bila mashine. Ni kweli, ila zile dakika za kukaa wengi wetu tunaziruka. Tumechoka, tuna vyombo havijaoshwa, tunafungua mbeleko harakaharaka, mtoto anateleza, hewa inampiga kifuani, anashtuka na kutupa mikono kama anayetafuta kitu cha kushika. Kushtuka huko ni maumbile, watoto wachanga wote wanako, na hupotea wanapokaribia miezi minne au mitano. Basi kaa kitandani ukiwa bado umembeba. Legeza nguo taratibu, mlaze chali, weka kiganja kifuani pake kidogo kabla hujaondoka. Kanga ya mchana ina harufu yako. Itandike chini yake, inyooke vizuri, isibaki rundo karibu na pua wala isimfunike uso.

Kuna usumbufu mwingine tunauleta wenyewe kwa upendo. Mtoto amelala, mara anakunja uso, anatabasamu, ananyonya hewa, anaguna, mguu unaruka, kope zinachezacheza. Mama anadhani ameamka, anamnyanyua, na sasa kweli anaamka. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliutangazia ulimwengu usingizi wa macho kuchezacheza, ule ambao sisi watu wazima tunaotea ndoto nyingi. Aserinsky alianza kazi ile kwa kukaa akitazama kope za watoto wachanga wanavyosinzia, kazi ambayo mama yeyote wa Ruangwa angemfanyia bila mshahara. Kwa mtoto mchanga, karibu nusu ya usingizi wote ni wa namna hiyo. Tena mzunguko wake ni mfupi: mtu mzima humaliza duru moja ya usingizi kwa kama dakika 90, mtoto mchanga kwa kama dakika 50, na kila duru ikiisha anapita karibu kabisa na kuamka. Ukisikia anaguna, ngoja. Sikiliza pumzi zake kadhaa. Mara nyingi atazama tena mwenyewe. Akilia kwa kudhamiria utamjua.

Sasa swali ninaloulizwa kuliko yote: ataanza lini kulala usiku kucha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto hadi miezi mitatu anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku nzima, na wa miezi minne hadi kumi na moja saa 12 hadi 16. Usingizi wa mchana umo humohumo, ukiwemo ule wa chini ya mkorosho. Saa za kulala moja kwa moja bila kuamka ni habari nyingine, na jirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri. Miaka ya 1970 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na Sara Harkness, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakaangalia watoto wanavyolala, kisha wakalinganisha na watoto wa kwao. Mtoto wa Marekani wa miezi minne aliweza kwenda kama saa 8 bila kuamka. Wa Kokwet alikwenda kama nusu ya hapo, na akaendelea hivyo kwa miezi mingine. Alilala ubavuni mwa mama, akiamka ananyonya, wanalala tena. Na mama wa Kokwet hakuliona hilo kuwa tatizo. Watoto walikuwa na afya. Kilichotofautiana ni matarajio ya wakubwa, na ratiba zao.

Lakini tusiisifu Kokwet upesi, maana kulikuwa na jambo jingine pale: mchana mtoto alikuwa na walezi wengine, dada zake wadogowadogo, mama akapata kupumzisha mgongo. Na sisi tulikuwa hivyo. Binti wa miaka tisa alikuwa akimbeba mdogo wake kutwa. Siku hizi elimu haina ada, binti huyo yuko darasani, na ndipo panapomstahili. Bibi naye ana shamba lake la ufuta na korosho, hawezi kukaa nyumbani. Kwa hiyo mtoto hajabadilika, anaamka kama walivyoamka wa zamani. Kilichopungua ni idadi ya migongo. Mama mmoja anabeba mchana, anabeba usiku, na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa shambani. Huyo akija kliniki kusema "mtoto wangu halali", mara nyingi anasema yeye mwenyewe halali. Ningependa wauguzi wetu wamsikie hivyo.

Turudi chumbani. Fedha ya korosho imeezeka nyumba nyingi kwa bati, jambo jema, mvua haituoneshi kazi tena. Ila Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, nyumba ya bati isiyo na dari hubaki na joto mpaka usiku wa manane. Ndani ya joto hilo namkuta mtoto kavishwa kofia ya sufu, soksi, sweta, kafungwa blanketi. Atalalaje? Joto kupita kiasi ni hatari kwake, licha ya kumnyima usingizi. Mguse nyuma ya shingo. Pakiwa pamelowa jasho, mvue. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye uzito mzuri, usiku wa joto wa Nachingwea nguo moja nyepesi inatosha. Chandarua kibaki hata kukiwa na joto. Kwetu Lindi malaria haijatuaga, na hilo halina mjadala.

Mwanga nao. Mtoto anazaliwa hajui usiku wala mchana. Saa ya mwili wake hujipanga polepole katika miezi miwili mitatu ya mwanzo, na inajipanga kwa mwanga. Arobaini ina heshima yake, inampa mama mapumziko, lakini kuna nyumba humfungia mzazi na mtoto katika chumba chenye giza mchana kutwa, kisha usiku taa ya sola inawaka nyeupe pee na simu inamulika kila akinyonya. Saa ya mtoto itajipangaje namna hiyo? Mchana fungua dirisha, vuta pazia, mwanga uingie, sauti za nyumba ziendelee. Usiku giza. Ukilazimika kumulika, elekeza tochi ukutani, na unapomnyonyesha usiku usianze kumchekesha.

Kelele? Hapa nitawaudhi baadhi ya watu. Sauti inayokwenda kwa mpangilio, kama mvua juu ya bati, mchi kinuni, au mama anayeimba chinichini, humsaidia mtoto kulala. Nimeona mtoto amelala mgongoni, timu ya Namungo ikifunga bao pale Uwanja wa Majaliwa, watu wanaruka, yeye hata kope haikutikisika, kwa sababu mgongo wa mama ulikuwa karibu kuliko uwanja mzima. Spika za siku hizi ni kitu kingine. Unyago wa zamani ulikuwa na ngoma za kuchapwa kwa mikono, na mzazi wa juzi hakutarajiwa pale. Sasa mtu analeta spika ndefu kuliko yeye, anaielekeza dirishani kwa mwenye mtoto wa wiki mbili, na muziki unakwenda mpaka kumekucha. Sikio la mtoto ni dogo na mfereji wake ni mfupi. Sauti kali inamuumiza. Kumwomba jirani ageuze spika si utovu wa adabu, na mwenyekiti wa kijiji akiombwa asaidie, asaidie.

Watoto hawafanani. Yupo anayetaka kubanwa ndiyo alale, na yupo ambaye ukimfunga mikono anapigana nawe mpaka jasho linamtoka. Mmoja analala kwa kutikiswa, mwenzake kutikiswa kunamchangamsha. Hata mapacha waliotoka tumbo moja siku moja hutofautiana hivyo. Mtaalamu wa tiba wa California, A. Jean Ayres, aliandika kitabu mwaka 1972 kuhusu namna ubongo unavyopanga habari za kugusa, kubanwa na kuyumba, na jinsi watu wanavyotofautiana kwa hilo. Wanasayansi bado wanabishana juu ya nadharia yake na tiba zake. Kwa mama wa kawaida inatosha kuchukua moja tu: mchunguze wako. Akigeuza uso pembeni, akatanua vidole, akapiga miayo na chafya mfululizo, ngozi ikaonyesha mabakamabaka, anakuambia yametosha. Hapo usiongeze kumtikisa wala kumpokeza mgeni wa tano. Punguza. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia sawasawa na mwenye njaa, na sisi haraka yetu ni kumpa ziwa, kumpiga mgongo, kumrusha juu na kumwimbia, vyote kwa pamoja.

Wanaoonyesha dalili hizo kwa wingi ni waliozaliwa kabla ya wakati au wadogo sana. Juu yao mikoa yetu ya kusini ina historia. Wasikilizaji wengi wa Nachingwea na Ruangwa mnakumbuka "Mtunze Mtoto Mchanga", mradi wa Taasisi ya Afya Ifakara na chuo cha London cha afya ya jamii na tiba za tropiki, uliofanyika katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, zikiwemo hizi zetu mbili. Akina mama wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, kabla ya kujifungua na baada ya kujifungua. Walibeba kadi yenye picha ya unyayo. Unyayo wa mtoto ukiwa mfupi kuliko ule wa picha, wanajua huyu ni mdogo, anahitaji uangalizi zaidi, na wanamwelekeza mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua. Mimi nayachukulia kuwa onyo juu ya maneno matupu, na redio nikiitia humo: ushauri mlangoni hauwezi kuziba pengo la zahanati isiyo na vifaa.

Ngozi kwa ngozi yenyewe haijaangushwa na matokeo yale. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, wodi yake ilipozidiwa na watoto njiti. Mwaka 2021 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa wa hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nguvu kwanza, walikufa asilimia 12 katika siku 28; waliongojeshwa, asilimia 15.7. Joto, harufu, mdundo wa moyo na kifua kinachopanda na kushuka vimeokoa watu pale. Na watoto hao hulala vizuri wakiwa kifuani. Mwenye njiti nyumbani Kilimarondo au Mandawa asione haya kukaa naye hivyo mchana na usiku, akipokezana na dada, na bibi, na baba.

Yapo mambo ya kukataza, nayataja bila kuzunguka. Dawa ya mafua inayosinzisha si dawa ya usingizi wa mtoto, hata matone mawili, hata kama ya jirani ilifanya kazi. Inaweza kuzuia pumzi. Msimu huu mabibo ni mengi, na uraka nao ni mwingi: aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, awe mama au baba, maana atamlalia asihisi. Mtoto asitikiswe kwa hasira. Ukiona hasira inakupanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite mtu.

Na si kila kilio ni cha usingizi. Aliyekataa ziwa, mwenye joto la homa au baridi isiyo ya kawaida, anayepumua harakaharaka, aliyeshikwa na degedege, au anayelala kiasi kwamba hata kunyonya haamki, huyo ni wa kituo cha afya leo, usingoje kesho, na homa ipimwe malaria. Yule ambaye miezi inapita na bado anakakamaa kila akiguswa, haitiki sauti, hashtuki wala hatazami uso wa mama, mpeleke na kadi yake ya kliniki, umweleze muuguzi hayo yote. Usiishie kusema "analia sana".

Namalizia na akina baba, maana ndio mmetuma ujumbe mwingi kuliko nilivyotazamia. Mmoja wenu ameuliza kama mtoto wa miezi miwili anaweza kutulia mgongoni kwa mwanaume, au lazima asikie maziwa. Anaweza. Kwa mtoto aliyekwisha kunyonya, anachotafuta ni mwendo, joto na kubanwa, na mgongo wako unavyo vyote. Mara za kwanza atakataa, kwa sababu unanuka tofauti na unatembea tofauti. Funga kanga ya mama yake juu ya shati lako, toka naye jua likishazama, tembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mkorosho wa mpakani na kurudi, mwendo wako wa kawaida, usimrushe. Kichwa kiegemee, uso uwe wazi, pua isizibwe na nguo. Ukirudi kaa naye kidogo barazani. Mama yake wakati huo usimwite kuja kuangalia kama mtoto amelala. Mwache alale yeye.